Samani za mbao za Italia, 1945 hadi 1965: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa usanifu, mafundi seremala, na watu waliorithi au kununua kabati la Kiitaliano ambao wanataka kujua wana kitu gani mikononi. Msimamo wangu utauona katika karibu kila jibu: kabla ya kuuliza jina la msanifu, tazama viungo, yaani pale mbao moja inapoungana na nyingine. Jina huandikwa kwenye karatasi, na karatasi mtu yeyote anaweza kuichapisha.

Tunazungumzia miaka ipi hasa?

Anza na mwisho wa vita mwaka 1945, uishie katikati ya miaka ya 1960. Mizizi yake ni ya zamani kidogo. Msanifu majengo Gio Ponti wa Milan alianzisha jarida la usanifu la Domus mwaka 1928, na msanifu mwenzake Franco Albini alikuwa akijaribu rafu yake ya ajabu iitwayo Veliero mwaka 1940, vita vikiwa vimeshaanza. Mwisho nao hauna siku maalumu. Maonyesho ya samani ya Milan, Salone del Mobile, yalifunguliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1961. Katika miaka iliyofuata plastiki ikapanda, vanishi nene ya poliesta ikaenea, na mbao ikaacha kuwa malighafi ambayo kila mtu alianzia kuifikiria.

Nchi iliyotoka vitani ikiwa magofu iliwezaje kutoa kazi nzuri kiasi hicho?

Kwa sehemu ni kwa sababu ya hayo magofu. Milan ilipigwa mabomu vibaya, hasa Agosti 1943, na maelfu ya familia zilihitaji mahali pa kulala, pa kulia chakula na pa kuweka nguo. Nyumba mpya zilikuwa ndogo kuliko zile za mababu, kwa hiyo kabati kubwa la mjozi lililochongwa maua halikuwa na pa kukaa. Kilichotakiwa ni kitu chepesi, cha kusogezwa kwa mkono mmoja, kinachoacha sakafu ionekane.

Viwanda vikubwa vilikuwa vichache na mtaji ulikuwa haba. Karakana ndogo za familia, zenye baba, wanawe na wanagenzi wawili watatu, zilikuwa bado zipo na patasi zao zilikuwa kali. Wasanifu majengo nao walikuwa wanatafuta kazi. Nchini Italia msanifu majengo alizoea kuchora nyumba pamoja na kiti kilichomo ndani yake, wala hakuona kwamba kuchora kiti kunamshusha hadhi. Msanifu asiye na jengo la kujenga alikutana na fundi asiye na michoro mipya, na kutoka hapo mengi yakazaliwa.

Halafu kulikuwa na mnunuzi wa ng'ambo. Mwaka 1950 maonyesho ya kazi za mikono na usanifu wa Italia yalifunguliwa katika jumba la makumbusho la Brooklyn, New York, kisha yakazungushwa katika majumba mengine ya Marekani. Kampuni ya Singer & Sons ya New York ikaanza kuuza samani zilizochorwa na Ponti, Ico Parisi na Carlo De Carli. Ndiyo maana vipande vingi vizuri vya miaka hiyo huibuka leo Marekani, mbali na Milan vilikochorwa.

Brianza ni wapi, na kwa nini inatajwa kila mara?

Ni eneo la kaskazini mwa Milan, kuelekea Como. Miji yake ni midogo: Cantù, Meda, Lissone, Giussano, Mariano Comense. Matajiri wa Milan walijenga majumba yao ya mapumziko huko karne kadhaa zilizopita, na majumba hayo yalihitaji vitanda, viti na makabati, kwa hiyo ufundi ukaota mizizi.

Siri yake ilikuwa kugawana kazi. Karakana moja ilitengeneza fremu za viti peke yake, jirani yake akakereza miguu, wa tatu akasuka makalio ya viti, yaani sehemu za kukalia, wa nne akatia njumu, wa tano akapaka polishi. Kiti kilivuka barabara mara kadhaa kabla ya kukamilika. Mtu wa kukereza ambaye hafanyi kitu kingine tangu utotoni huweza kutoa mguu mwembamba kuliko ambavyo fundi wa kila kitu angethubutu.

Kampuni ya Cassina, jina linalojulikana kuliko mengine yote, ilianzishwa Meda mwaka 1927 na ndugu wawili, Cesare na Umberto. Cantù nayo kuanzia mwaka 1955 iliandaa shindano la kimataifa la samani: wasanifu walituma michoro, na mafundi wa mji huo ndio waliotengeneza ile iliyochaguliwa. Nalipenda wazo hilo kwa sababu fundi alikuwa sehemu ya shindano, na mchoro usiotengenezeka ulijulikana mapema.

Kiti cha Superleggera kina nini cha pekee?

Kiti hiki cha Ponti kina uzito wa kilo 1.7. Mtoto mdogo anakiinua kwa kidole, na picha ya tangazo ilimwonyesha akifanya hivyo. Lakini wepesi peke yake si ajabu, kwani kiti chepesi kinachovunjika kila mtu anaweza kukitengeneza. Ajabu ni kwamba kinabeba mtu mzima miaka na miaka, na kwamba njia ya kukifikia ilikuwa ndefu.

Mwanzo wake ni mji wa Chiavari, pwani ya Liguria. Huko mwaka 1807 fundi Giuseppe Gaetano Descalzi alibuni kiti chembamba chenye kalio la kusukwa. Aliyepewa sifa si mtu wa mjini aliyechora kwenye karatasi. Alikuwa seremala aliyejua ni wapi mbao inabeba mzigo na ni wapi inakaa tu bila kazi. Kiti chake kiliigwa Liguria nzima na bado kinatengenezwa.

Ponti alikipenda kiti cha Chiavari na hakuficha kwamba anakifuata. Mwaka 1952 Cassina ilitoa kiti chake kiitwacho Leggera, namba 646. Hakuridhika. Akaendelea kupunguza hadi mwaka 1957 ilipotoka Superleggera, namba 699. Mbao ni frasino, mti wa Ulaya wenye mbao nyeupe yenye nyuzi ndefu zinazopinda bila kukatika haraka. Ndiyo maana wazungu waliitumia pia kwa mipini ya shoka. Miguu yake ukiikata kwa upande utakuta pembetatu, kila upande milimita 18. Pembetatu hiyo imeondoa mbao isiyofanya kazi, na pia inalihadaa jicho: ukingo unaelekea kwa mtazamaji, basi mguu unaonekana mwembamba zaidi ya ulivyo.

Viungo ndivyo roho ya kiti hiki. Mguu ukiwa na unene wa milimita 18, tundu la kupokelea ulimi wa mbao nyingine linakula karibu nyama yote. Kosa dogo tu la kuchimba, na mguu unapasuka. Fundi aliyefanya kazi na Ponti huko Cassina aliitwa Fausto Redaelli, na jina lake linastahili kutajwa kila mara jina la Ponti linapotajwa. Kiti kilijaribiwa kwa kutupwa kutoka ghorofa ya nne. Kiliruka kama mpira, hakikuvunjika.

Kalio husukwa kwa henzirani, na hapo pia pana uhandisi. Henzirani inapokazwa inazivuta pande nne za fremu kuelekea ndani, hivyo mfumo mzima unabanana.

Mollino alipindaje plaiwudi?

Carlo Mollino wa Turin (1905–1973) alikuwa msanifu majengo, mpiga picha, rubani, mtu wa magari ya mashindano na wa kuteleza kwenye theluji. Ukiyajua hayo, samani zake zinaeleweka. Mikato na matundu aliyoyaweka kwenye meza zake yanafanana na yale yaliyotobolewa kwenye mbavu za ndege ili kupunguza uzito bila kupunguza nguvu.

Njia yenyewe ni hii. Unachukua tabaka nyembamba za mbao, unazipanga nyuzi zikipishana, unazipaka gundi, kisha unazibana kwenye kalibu yenye umbo unalotaka hadi gundi ikauke. Tabaka moja moja linakubali kupinda. Yote yakishashikana hayawezi tena kurudi nyuma. Ugumu uko kwenye kalibu, kwa sababu kila kona inataka shinikizo sawa. Pakiachwa pengo dogo la hewa, tabaka zitaachana miaka ishirini baadaye. Kazi hiyo aliifanya na karakana ya Apelli & Varesio ya Turin, na sidhani kama mtu mwingine katika mji ule angeweza kumvumilia, kwa jinsi alivyotaka kila mkunjo uwe tofauti.

Meza ya Arabesco ya mwaka 1949 ndiyo inayojulikana zaidi: mbao moja iliyopindwa ikapinda tena, na kioo juu yake. Alitengeneza vipande vichache sana, vingi kwa nyumba mahususi. Meza yake ya mwaloni na kioo kutoka Casa Orengo iliuzwa kwenye mnada wa Christie's mwaka 2005 kwa zaidi ya dola milioni 3.8. Bei hiyo iliamsha kila mtu, wakiwemo waghushi.

Albini je? Mbona hazungumzwi sana?

Kwa sababu hakupiga kelele, na kazi zake hazipigi kelele. Kwangu mimi Franco Albini (1905–1977) ndiye wa kumsoma kwanza ikiwa wewe ni seremala. Kiti chake cha Luisa kilipata Compasso d'Oro, tuzo ya usanifu ya Italia, mwaka 1955 baada ya miaka mingi ya kukirudia. Kinatazamika kuwa cha kawaida mpaka uinamie pembeni: kila mbao inaonyesha inabeba nini, na inapokutana na nyingine hakuna kilichofichwa. Kilitengenezwa na karakana ya Poggi ya Pavia, watu ambao Albini alifanya nao kazi kwa muda mrefu na kwa uaminifu.

Rafu ya Veliero, iliyokuwa na milingoti miwili ya mbao, nyaya za chuma na vibao vya kioo, ilikuwa nyumbani kwake mwenyewe. Baadaye iliporomoka. Wazo la kushikilia rafu kwa mkazo wa kuvutwa badala ya uzito halikufa pale. Aliendelea nalo katika rafu nyingine zilizobanwa kati ya sakafu na dari.

Na wengine ninaopaswa kuwajua?

Ico Parisi wa Como, aliyefungua studio ya La Ruota pamoja na mkewe Luisa Aiani, na ambaye michoro yake mingi ilitengenezwa na Ariberto Colombo wa Cantù. Osvaldo Borsani, aliyekulia katika karakana ya baba yake huko Varedo, akashirikiana na msanii Lucio Fontana, kisha mwaka 1953 akaanzisha kampuni ya Tecno. Paolo Buffa, kwa wanaopenda mistari ya kale iliyopunguzwa. Carlo De Carli, ambaye kiti chake namba 683 kilikuwa miongoni mwa washindi wa Compasso d'Oro ya kwanza, mwaka 1954. Vico Magistretti, kwa kiti cha Carimate cha mwaka 1959: fremu ya mbao iliyopakwa rangi nyekundu inayoacha nyuzi zionekane, kalio la majani, na miguu inayonenepa palepale kiungo kinapohitaji nyama. Huo unene wa mahali pamoja ni somo zima la useremala.

Samani za Fornasetti ni za mbao kweli?

Ndiyo. Chini ya michoro ya majengo na jua ya msanii huyu wa Milan, Piero Fornasetti, kuna mbao, michoro ikiwa imechapwa na kufunikwa kwa laka. Kabati lake la Architettura, alilofanya na Ponti, lilionyeshwa kwenye maonyesho ya usanifu ya Triennale, Milan, mwaka 1951. Wawili hao walipamba pia vyumba vya meli ya Andrea Doria, iliyozama Julai 1956 baada ya kugongana na meli nyingine. Kazi yao iko chini ya Atlantiki.

Walitumia miti gani?

Mjozi ulitawala, hasa kwa makabati na meza. Mcheri ulitumika pale rangi ya joto ilipohitajika. Frasino na fajo zilitengenezewa viti. Mahogani na mepo hukutana mara nyingi ndani ya kabati, kwenye droo na sehemu za kuwekea chupa, kwa sababu mepo ni nyeupe na inaangaza mlango unapofunguliwa.

Kwa wateja wenye pesa kulikuwa na palisandro kutoka Brazili, na vinia (ubao mwembamba sana wa kubandika juu ya mbao nyingine) ya kifundo, yaani sehemu ya mti ambapo nyuzi zimejisokota. Vinia hizo zilikatwa zikifuatana na kufunguliwa ili kushoto kufanane na kulia. Tazama mlango wa kabati la Buffa na utaona michoro inayokutana katikati pasipo kupishana hata kidogo. Mkono uliokata na kubandika vinia hiyo haukuruhusiwa kukosea, kwa kuwa kipande cha pili chenye michoro ileile hakipo.

Kwa nini miguu ina kofia za shaba?

Ncha ya mguu mwembamba ndiyo inayopasuka kwanza. Sakafu za Italia ni za mawe au terazo, zinapigwa deki kila siku, na maji huingia kwenye mbao kupitia ncha. Kofia ya shaba ya manjano inazuia yote mawili. Baadaye ikawa pambo, na wapo waliobandika shaba kwenye miguu minene isiyoihitaji.

Nitajuaje kama nilichonacho ni cha kweli?

Kipindue. Sura ya mbele hutengenezwa ili ipendeze. Tumbo na mgongo havijui kudanganya.

Chomoa droo. Kiungo cha mkia wa njiwa kwenye pembe, yaani meno ya mbao yanayoingiliana, kiwe safi, na mbao ya pembeni iwe imelika kidogo kule chini inakoteleza. Kama droo ni ya zamani lakini reli haina mchubuko wowote, uliza maswali. Skrubu za miaka hiyo kwa kawaida zina mfereji mmoja. Zenye msalaba mara nyingi ziliingizwa baadaye, ama na mtengenezaji wa nakala ama na fundi wa matengenezo. Mgongo wa kabati uwe umebadilika rangi kwa pamoja, isipokuwa palipofunikwa. Rangi ya uzee iliyopakwa kwa brashi huingia hata pale ambapo hewa haikufika.

Kisha nusa. Mbao ya miaka sabini haitoi harufu ya vanishi mpya.

Lebo na mihuri husaidia, ila lebo huhama. Kwa kazi za Ponti, hifadhi ya kumbukumbu zake, Gio Ponti Archives ya Milan, hutoa vyeti baada ya uchunguzi, na muuzaji anayetaka bei ya Ponti bila cheti anakuomba umwamini bure. Maneno kama "kwa mtindo wa Ponti" au "inahusishwa na Buffa" yasome polepole. Maana yake ni kwamba hakuna aliyethibitisha. Hilo halifanyi kabati kuwa baya. Karakana nyingi za Cantù na Lissone zilitoa kazi safi kabisa zisizo na jina la mtu mashuhuri, na kwa mwenye macho hizo ndizo za kununua: ufundi ni uleule, bei ni nyingine kabisa.

Kiti kinachotengenezwa leo na Cassina ni nakala?

Hapana. Superleggera haijawahi kuwa mali ya wengine. Anayekitengeneza leo ni yuleyule aliyekianzisha. Molteni&C nao hutoa baadhi ya kazi za Ponti kwa makubaliano na warithi wake, na Zanotta hutoa baadhi za Mollino. Tofautisha tatu: cha wakati ule, cha sasa kilichoidhinishwa, na cha kuiga. Cha pili ni kitu halali cha kukalia. Usikilipie bei ya cha kwanza.

Nivitunze vipi?

Adui wa kwanza ni mabadiliko ya ghafla. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, ikitanuka na kusinyaa, na vinia iliyobandikwa juu haiendi nayo kwa kasi ileile. Ndipo inapobanduka. Chumba chenye kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa mchana, katika mji wa pwani, kitaiumiza zaidi kuliko chumba chenye unyevu ule ule siku zote. Iweke mbali na dirisha lenye jua kali. Palisandro huchujuka, mjozi hupauka.

Usipige msasa. Nasisitiza, kwa sababu nimeona milango mizuri iliyoharibiwa asubuhi moja. Vinia ni nyembamba, na ukishafika chini yake hakuna kurudi. Vipande vya kabla ya poliesta vingi vilipakwa shelaki, utomvu wa mdudu unaoyeyushwa kwenye spiriti na kusuguliwa kwa kitambaa, tabaka juu ya tabaka, kwa siku nyingi. Uzuri wake ni kwamba unarekebishika: fundi anayejua ataiyeyusha na kuisugua upya mahali palipoharibika bila kugusa kwingine. Ubaya wake ni kwamba spiriti huiyeyusha vilevile, kwa hiyo pafyumu, sabuni ya kuua vijidudu na kinywaji kikali vikae mbali. Tumia kitambaa kikavu laini na nta kidogo mara chache kwa mwaka.

Ukiona unga mwembamba sakafuni chini ya mguu, mbao inabunguliwa. Kitenganishe kipande hicho na vingine siku hiyohiyo, kisha utafute mtu wa kukitibu.

Je, ninaweza kukisafirisha kutoka nchi moja hadi nyingine?

Cha mjozi au frasino, kwa kawaida bila tatizo la mti wenyewe. Cha palisandro ya Brazili ni habari nyingine. Mti huo, *Dalbergia nigra*, uliwekwa mwaka 1992 kwenye orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ile yenye masharti makali kuliko zote, na utahitaji hati kabla ya kuvusha mpaka hata kama kabati ni la mwaka 1955. Usisubiri forodha ikuulize. Anza kuzungumza na mamlaka ya wanyamapori na mimea ya nchi unayotoka.

Mpingo wetu, *Dalbergia melanoxylon*, ni ndugu wa mti huo. Tangu 2017 jamii yote ya Dalbergia inasimamiwa na CITES, mpingo ukiwa kwenye orodha ya pili. Mbao zilizofanya makabati ya Milan yang'ae zilikatwa haraka kuliko zilivyoota, na wachonga mpingo wa Tanzania na Msumbiji wanaijua hesabu hiyo bila kuelezwa.

Wapi naweza kuviona kwa macho?

Milan: jumba la Triennale, ambalo mwaka 2019 lilifungua makumbusho ya usanifu wa Italia, na ADI Design Museum, iliyofunguliwa 2021, ambako washindi wa Compasso d'Oro wamepangwa kwa miaka. Varedo kuna nyumba ya akina Borsani. Turin kuna Casa Mollino, inayotembelewa kwa miadi. Ukifika Chiavari, ingia karakana inayosuka viti. Omba kuinua kimoja, kisha omba kukitazama kwa chini.